Haragwe la Kabatini

Juma lililopita niliroweka maharage, nikaitwa msibani Cheyo, nikayasahau. Niliporudi na kufunua sufuria, jiko zima lilijaa harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu meno yangu ya mbele yalipokuwa yanacheza: uchachu kidogo, udongo kidogo, kama mvua ya kwanza iliyofungwa ndani ya kitambaa. Maharage yalikuwa yamepasua ngozi, na mengine yalishachomoza vijimkia vyeupe. Mtu mwenye akili zake angeyamwaga. Mimi nilivuta kigoda nikakaa kuyatazama mpaka mkaa ukawa jivu, na wanangu siku ile walikula mkate na chai wakinong'onezana kwamba mama ameanza.

Ninyi wa rika langu, mliokaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, mtanielewa. Kuna harufu zinazokushika mkono na kukurudisha darasani bila kukuuliza kama una nafasi.

Sisi tulizaliwa wawili. Kwetu Unyamwezini pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, hakuna kusumbuka kutafuta majina. Mimi ni Doto. Mama husema Kulwa ndiye aliyefanya kazi yote ya kufungua njia, mimi nikapita nyuma yake kama bibi harusi. Labda ndiyo sababu alichoka mapema. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno yalimjia kama abiria wenye mizigo mikubwa wanaoteremka kwenye basi: linashuka moja, unasubiri, unasubiri tena, linashuka jingine. Yale yote aliyoyaacha niliyaokota mimi. Nilisema kwa niaba ya wawili, na majirani wa mtaa wetu wa Ng'ambo, pale Tabora, wangekuambia nilisema kwa niaba ya kata nzima. Kwenye hesabu, lakini, nilikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Nyumbani kwetu ilikuwepo sheria moja iliyozidi zote: pacha hawapunjwi. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake, kilekile, kwa kipimo kilekile, la sivyo aliyepunjwa ataugua. Mama alikata nyama kama mfua dhahabu. Gauni likishonwa, yalishonwa mawili ya kitambaa kimoja. Shangazi alipoleta viatu jozi moja tu, tulivaa kimoja kimoja mpaka Idi ilipofika, tukawa tunachechemea mtaani kama kuku wawili waliofungwa kamba. Nilipopata homa, Kulwa mzima wa afya alikunywa mwarobaini pamoja nami, akakunja uso, akamaliza kikombe. Hata siku baba aliponichapa kwa kumwaga gundi yake ya kuzibia mipira ya baiskeli, Kulwa alikuja akanyoosha kiganja apate fungu lake. Baba alitupa fimbo akaenda kukaa nje.

Baba alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa mtu mwema. Naomba hilo lieleweke kabla sijafika mbele. Lakini Kulwa alikuwa amekaa kwenye kitengo, yaani darasa la watoto wenye ulemavu pale shuleni kwetu, muda mrefu, na alichorudi nacho nyumbani kilikuwa wimbo mmoja na namna ya kukunja leso. Bibi yetu kule Igunga alikuwa anazeeka na mashamba yake ya mpunga. Jioni moja baba akasema, akiwa anafuta grisi vidoleni:

"Mwisho wa muhula nitakwenda shuleni mwenyewe. Mwalimu akinionyesha kitu kimoja tu ambacho Kulwa amekielewa, kimoja, basi mtabaki. Asipokuwa nacho, mnakwenda kwa bibi yenu."

"Nani na nani?" nikauliza.

"Pacha hawagawanywi kama mkate, Doto. Wote."

Mama akasema, "Baba Kulwa, huyu Doto anasoma."

"Na huyu mwingine nimpeleke peke yake augue? Sheria ni sheria."

Nilimpenda bibi. Lakini Igunga kwangu ilikuwa ni lile vumbi refu linalofuata malori ya Mwanza, na ng'ombe wengi kuliko watu, na hakuna hata mtu mmoja wa kumsimulia chochote. Nilijiona nikiongea na ng'ombe mpaka ng'ombe wenyewe wakahama.

Muhula huohuo upepo uling'oa bati za kitengo. Wengine watakwambia zilidondoka hapo nyuma ya vyoo. Mimi nilichosikia ni kwamba moja ilionekana mbali kule Nzega. Basi watoto wa kitengo wakaletwa darasani kwetu, na kwa mara ya kwanza mimi na Kulwa tukakaa dawati moja, yeye upande wa dirisha. Alikuja na Rajabu, ambaye alikuwa haoni tangu kuzaliwa na alikuwa na ulimi mkali kuliko wembe, na wengine wachache, na mwalimu wao, Mwalimu Salome.

Mwalimu Salome alikuwa Mmoraviani, mfupi, mwenye sauti ya kwaya. Alipewa kutufundisha sayansi sisi sote pamoja, na kila kitu alikifundisha mara tatu: mara ya kwanza kwa mdomo, mara ya pili kwa mkono, mara ya tatu kwa mwili mzima. Siku ya somo la mbegu alituambia tulale sakafuni tujifunike magunia. Tukawa mbegu. Gunia lilinuka karanga na panya, na mwanga uliopenya kwenye nyuzi ulikuwa wa rangi ya asali. Mwalimu alipita juu yetu akinyunyiza maji kwa ufagio wa majani, na kila aliyehisi tone lake alitakiwa atoe kwanza mguu, ndio mzizi, kisha mgongo, kisha kichwa. Tukachipua. Darasa zima likawa shamba linalocheka. Kulwa peke yake hakutoka.

"Mwalimu, Kulwa ameoza!" mtoto mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza wewe," akasema Mwalimu Salome. "Mbegu nyingine huchelewa. Ukiifukua kuiuliza kwa nini, ndipo inapooza kweli."

Tukasubiri. Nje kulikuwa na ile njia ya kale ya misafara, wapagazi walikopita na mizigo kichwani kutoka Ujiji kwenda pwani. Miembe mizee ilikuwa imesimama kwa mstari pembeni yake. Mwalimu alishatuambia kwamba miembe ile haikuja kwa miguu yake: mtu alikula embe akiwa safarini, akatupa kokwa, akaenda zake. Mtu hajulikani, kokwa linajulikana. Basi mchana ule, wakati joto linapofanya hewa itetemeke, niliwaona wapagazi wale. Naapa niliwaona. Mstari mrefu wa watu wembamba wakipita bila sauti juu ya vumbi, mikono mitupu, wakitutazama dirishani. Halafu gunia la Kulwa likasogea. Ukatoka mguu, ukakaa. Ukatoka mgongo. Alipotoa kichwa alikuwa amesinzia, ana alama za nyuzi za gunia shavuni, na anatabasamu.

Kesho yake Mwalimu alileta maharage yaliyorowekwa, harufu ile ile, na kila mmoja akapewa lake avue ngozi. Haragwe likafunguka vipande viwili sawasawa, na katikati yake umelala mmea mdogo sana, kama kijimdudu kilichokunja miguu. Rajabu aliupapasa kwa ncha ya ulimi. "Una majani tayari," akasema. "Mawili. Yamekunjwa kama barua."

"Vipande hivi viwili," Mwalimu akasema, "ndivyo vinavyomlisha mtoto. Atakapotoka ardhini atatoka ameinama, amevibeba kichwani. Akishapata nguvu ya kujilisha, vitanyauka na kudondoka."

Wenzangu walisikia somo la sayansi. Mimi nilisikia hukumu. Haragwe lilikuwa na vipande viwili, yaani Kulwa na Doto. Vilibebwa kichwani na mpagazi aliyeinama. Na mpagazi akifika anakokwenda hutua mzigo. Tulikuwa tunapelekwa kutuliwa Igunga, na hata maharage yalijua. Tangu siku hiyo sikula maharage. Wali mkavu, ugali mkavu. Nilikonda nikawa kama ufito, upepo ukivuma nilishika nguzo. Kwenye sahani ya Kulwa nilitafuta maharage yaliyoachana, nikayaoanisha moja baada ya jingine, naye aliningoja kwa subira, kijiko mkononi, mpaka nimalize kufungisha ndoa zangu ndipo ale.

Nilimweleza Mwalimu Salome maneno ya baba. Alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

"Kitu kimoja tu?"

"Kimoja, Mwalimu."

"Basi tutampa kimoja."

Mpango wake ulikuwa huu. Makopo mawili ya mafuta ya kupikia, yanayofanana kama sisi. Udongo uleule, haragwe moja moja. Yakishaota yote mawili, kopo moja linakaa dirishani juani, jingine linafungiwa kwenye kabati tupu la chaki, gizani, na hakuna mtu wa kulichungulia, ila anayemwagilia, mpaka siku ya kufungua. Yote yatamwagiliwa sawa. Mwisho wa muhula la dirishani litakuwa kijani na nene, la kabatini litakuwa limerefuka, jembamba, la njano kama mgonjwa. Baba atakuwepo. Kulwa atafungua kabati, atatoa kopo, ataliweka kando ya mwenzake, na Mwalimu atamuuliza: huyu amekosa nini? Kulwa atajibu neno moja. Mwanga. Baba atakuwa ameona kwa macho yake.

Kazi ya kumwagilia alipewa Kulwa, kwa kuwa alipenda maji kuliko mtoto yeyote Tabora. Mwalimu alimpa ufunguo wa kabati ukiwa kwenye uzi, akauvaa shingoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda mstarini aliingia darasani peke yake na kikombe, mimi nikamsubiri nje kwa sababu aliyekuwa na ruhusa ya kukaribia kabati alikuwa yeye tu.

"Kulwa! Unayanywesha kwa kijiko?" nilimpigia kelele mlangoni. Alikuwa anachukua muda. Hajibu. Anatoka na tope vidoleni, uso wake mtulivu kama bwawa la Igombe.

Nyumbani nilimfundisha lile neno. Nikiwasha koroboi: "Hii nini? Mwa... Mwa..." Ananitazama. Nazima. Nawasha. "Mwa..." Mama alilalamika nitamaliza mafuta ya taa ya mkoa mzima. Kulwa alipuliza koroboi mwenyewe mara moja, akacheka gizani, akalala.

Jambo moja tu lilitokea katikati, nasi hatukulijali. Rajabu alikuwa na kawaida ya kupapasa mmea wa dirishani kila akipita kwenda kwenye nafasi yake. Siku moja akasimama.

"Haragwe hili silo la jana."

Darasa likaangua kicheko. "Rajabu! Sasa unaona?"

"Ninyi mnaona, mnatazama nini? La jana jani lake lilikuwa na tundu. Hili halina."

"Limepona," nikamwambia, na watu wakacheka zaidi. Nilipenda sana watu wakicheka. Rajabu akabofya ulimi, akaketi.

Siku ikafika. Baba alikuja amevaa shati la sikukuu na kofia yake, mikono ameisugua kwa mchanga na sabuni lakini weusi wa grisi ulikuwa bado kwenye kucha. Tulisimama wote. "Shikamoo mzazi!" Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akakaa kwenye dawati la nyuma, magoti yake yakamfikia kidevuni.

"Mwangaluka, Baba Kulwa," Mwalimu akamwamkia Kinyamwezi ili kumtuliza.

"Mwangaluka, Mwalimu. Mimi nina baiskeli za watu zinanisubiri."

"Hatutakuchelewesha. Kulwa, mama, njoo."

Kulwa akaenda mbele. Akavua uzi shingoni. Kabati likalia, akainama, akatoka na kopo. Akaliweka kando ya lile la dirishani.

Yote mawili yalikuwa kijani.

Hayakunawiri sana, nisitie chumvi hapa. Yalikuwa yamerefuka kidogo, shingo nyembamba kidogo, kama watoto waliokua haraka. Lakini yalikuwa sawa. Urefu mmoja, idadi moja ya majani, kijani kimoja. Usingeweza kusema lipi lililala gizani na lipi lilioga jua. Mwalimu Salome akainama kuchungulia ndani ya kabati, akatafuta tundu linaloingiza mwanga, akapapasa mbao. Hakuna.

"Sasa, Mwalimu," baba akasema taratibu, wala hakusema kwa ubaya, "hapa mwanangu amejifunza nini?"

"Kulwa," Mwalimu akajaribu, sauti yake ya kwaya imepungua, "haragwe la kabatini limekosa nini?"

Kulwa alitazama haragwe. Lilikuwa halijakosa kitu.

Niliona vumbi la Igunga likija. Baba alianza kujitoa kwenye dawati, goti moja, la pili. "Nashukuru, Mwalimu, umejitahidi. Doto, beba na madaftari ya mwenzako."

"Mimi nilisema," Rajabu akasema kutoka kwenye nafasi yake. "Nilisema hili silo la jana mkanicheka."

Wakati huohuo Kulwa alikuwa ameanza kufanya kitu. Aliona watu wanainuka, kazi imekwisha, basi akarudi kwenye kazi yake ya kila asubuhi. Alichukua kikombe akanywesha makopo yote mawili, kipimo kilekile, akainua kikombe jichoni kuhakikisha. Kisha akalichukua lile lililokuwa dirishani, akalipeleka kabatini. Lile la kabatini akaliweka dirishani, akaligeuza kidogo jani lake litazame jua. Akafunga kabati. Akavaa ufunguo.

"Kulwa," Mwalimu akapiga magoti mbele yake. "Kila siku unafanya hivi?"

Kulwa akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini, mama?"

Tulisubiri. Neno lilikuwa likishuka, tuliliona linavyoshuka, na mzigo wake wote.

"Zamu yake," akasema.

Mwalimu Salome alibaki pale sakafuni. Lakini baba, baba alielewa kabla yake, nilimwona akielewa. Alikaa tena kwa kishindo, dawati likalia, akavua kofia akaishika kifuani kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Sheria ilikuwa yake, nyumba ilikuwa yake, na mtoto aliyeshika sheria ile mpaka kwenye maharage alikuwa wake.

"Baba Kulwa," Mwalimu akasema akijifuta magoti, "hawa wote nimewafundisha kwamba mmea ukikosa mwanga unateseka. Ukiwauliza watakujibu, na Doto atakujibu mara tano. Lakini ni huyu mmoja tu aliyekwenda kufungua kabati."

Baba alikohoa. Akakohoa tena.

"Kwa hiyo jaribio lako limeharibika."

"Limeharibika kabisa."

"Itabidi mwanze upya?"

"Itabidi."

"Na hilo litakwenda muhula mwingine."

"Huenda na zaidi," Mwalimu akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka. "Maharage hayana haraka."

"Basi hawa hawawezi kuondoka kazi iko nusu," baba akasema, akavaa kofia. "Mimi sipendi fundi anayeacha baiskeli ya mtu bila mnyororo." Akatoka bila kuaga. Tulimsikia akiongea peke yake njiani, chini ya miembe, akicheka na kupenga kamasi kwa zamu.

Mwalimu Salome alianza upya, kweli. Alipanda mara nyingi sana, mimi nasema mara elfu. Safari hii ufunguo alipewa mtoto mwingine, na mtoto huyo akawa anafungua kabati kwa siri. Akapewa wa tatu, naye vilevile. Rajabu alipopewa, alikutwa ameketi na kopo juani, amelipakata, anasema amelitoa lipunge hewa tu. Hatimaye Mwalimu alisalimu amri, akachukua chaki ya njano akatuchorea ubaoni jinsi haragwe la gizani linavyokuwa, nasi tukalinakili huku tukilionea huruma.

Miaka ilipita, nikaolewa, nikazaa, na nikiwa mama mzima mwenye vitenge vyangu nikajiandikisha masomo ya jioni ili nimalize kile nilichokiacha njiani. Siku ya mtihani wa sayansi nilifunua karatasi, na swali la kwanza lilikuwa hili: eleza kinachotokea mmea unapowekwa gizani kwa muda mrefu. Jibu la kitabu nilikuwa nalo ulimini, na chaki ile ya njano niliiona waziwazi. Msimamizi alipita, kalamu za wenzangu zilikuwa zinakimbia kama panya darini. Mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikapiga na mstari chini yake: *Sijui, Mwalimu. Kwetu haukuachwa hata mmoja.*

Nilipata sifuri kwenye swali hilo, na nikafaulu mtihani kwa maswali mengine.